Wimbo wa Mia na Kumi

Mimi na mdogo wangu tulikuwa waimbaji wazuri kuliko wote Gisenyi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako nakuweza. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kulijua hilo huwezi kuelewa hasara tuliyoileta. Mtu anayeimba vibaya hawezi kuharibu utafiti wa daktari kwa wimbo. Sisi tuliweza, na watu walitupigia makofi tukiuharibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na minne. Mimi nilipiga gitaa, yeye alikuwa na ile sauti inayomfanya muuza nyanya amsahau mteja aliyesimama mbele yake. Baba yetu anavua sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na watu wa kazi hiyo hawapigi kasia bila kuimba. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kasia linaingia majini pale pale kwenye kiitikio. Ukipoteza mdundo chombo kinakwenda upande na wenzako wanakutajia ukoo wako wote. Huko ndiko tulikojifunzia muziki. Kanisani walituongezea sauti ya tatu na adabu kidogo, na kwangu mimi adabu haikukaa sana. Mama alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, kabla ya kurudi upande huu, kwa hiyo nyumbani Kinyarwanda na Kiswahili viliiva chungu kimoja.

Mdogo wangu aliugua akiwa na miaka tisa. Alikunywa maji mpaka tukaficha jagi, akakonda, akaanza kukojoa kitandani, na mimi, Mungu anisamehe, nikamtania kwa hilo. Hospitalini wakatuambia ni kisukari cha utotoni: mwili wake umeacha kutengeneza insulini, na atajidunga sindano kila siku maisha yake yote. Mama alibisha. Kwetu kisukari kilikuwa ugonjwa wa wazee wenye gari na tumbo. Shangazi akasema mtoto amerogwa na aliyemroga anajulikana. Jirani mmoja akauliza kama tulikuwa tunampa peremende nyingi, kana kwamba peremende zilikuwa zinaota kwenye dirisha letu. Miaka mitano nilijibu maswali ya namna hiyo, na mimi sijaumbwa kujibu taratibu. Shangazi hatukuzungumza mwaka mzima, na mpaka leo naona mwaka ule ulikuwa wa mapumziko.

Halafu akaja daktari. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kigali, aliyezaliwa na kukulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alikuwa anaanza utafiti juu ya watoto wenye kisukari wa huku kwetu ziwani, na siku ya kwanza alitueleza mimi na mdogo wangu kama watu wazima, jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kulifanya. Alisema majedwali ya dozi wanayotumia yaliandikwa kwa watoto wanaokula mkate uliopimwa kwenye mizani. Hakuna aliyewahi kukaa na kuandika jinsi sukari ya mtoto wa hapa inavyopanda baada ya ugali wa muhogo, au inavyoshuka akitoka kulima viazi Nyundo. Alitaka familia zipime damu ya mtoto mara nne kwa siku, ziandike nambari kwenye daftari, kwa mwaka mzima. Yeye angeleta mashine ndogo za kupimia na zile karatasi zake, bure, muda wote utafiti utakapoendelea hapa.

Mtu ambaye hajawahi kuishi na ugonjwa huu atadhani karatasi ya kupimia ni kitu kidogo. Kabla ya hapo tulikuwa tunampima mdogo wangu mara moja kwa siku, kuna siku hatukumpima kabisa, na dozi tukaikisia kwa kumwangalia macho. Kwa hiyo mimi niliona utafiti ule ni mlango wa mbinguni. Lakini familia zilizokuja mwanzoni zilitosha kwenye benchi moja, na nafasi ikabaki. Wengine walisema damu inavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Wengine waliogopa binti yao akijulikana anajidunga sindano hatapata mume. Daktari alikuwa anapanga madaftari matupu mezani, na mdogo wangu akamwangalia, akasema bila hata kunigeukia, "Sisi tutawaimbia."

Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka.

Tuliutunga wimbo kwa siku mbili, uani, mama akichambua sambaza pembeni. Tulichukua namna ya wapiga kasia: mmoja anauliza, wengine wanajibu. Mdogo wangu angeita, "Ukiamuka asubuyi, iko ngapi?" na watu wangejibu nambari. Kabla ya kula, iko ngapi? Jua likiinama, iko ngapi? Ukienda kulala, iko ngapi? Ilibaki kuchagua nambari ya kujibu, nami nikachagua mia na kumi. Ni kipimo kizuri kwa mtoto wa kisukari, daktari mwenyewe angekifurahia, na kilikaa kwenye mdundo kama kilizaliwa humo: mia, kasia moja, na kumi, kasia la pili. Mdogo wangu aliujaribu, akasita.

"Lakini yangu haiko mia na kumi, Yaya," aliniambia, kwa neno tunalomwitia mkubwa wetu.

Nilimjibu kwamba wimbo si cheti cha hospitali. Nililiona jibu langu kali sana, nikalirudia kwa watu siku kadhaa.

Tuliimba mara ya kwanza baada ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo watu wote wanatoka kufanya kazi ya jamii na kisha wanakaa kwenye nyasi kusikiliza mkutano. Watu walikuwa na majembe mikononi na matope miguuni, wamechoka, hawataki kuambiwa lolote. Mdogo wangu alipoita mara ya tatu, uwanja mzima ulijibu mia na kumi, na kuna mzee aliyekuwa anagonga jembe lake kwa jiwe kushika mdundo. Kisha mtu mmoja akapaza sauti kuuliza damu inayochukuliwa inapelekwa wapi. Mdogo wangu akaonyesha vidole vyake kumi vyenye alama za sindano. Alisema damu yake imetolewa tangu akiwa na miaka tisa, na kama ingekuwa inauzwa, leo angekuwa na nyumba kule ufukweni pamoja na wenye mahoteli. Walicheka mpaka mwenye kuendesha mkutano akaomba utulivu. Maneno yangu mimi mwenye hasira yasingefanya hivyo hata kwa miaka kumi.

Baada ya hapo hatukushikika. Tuliimba mitumbwi inapotua asubuhi, tukaimba mbele ya kanisa watu wakitoka misani, tukaimba kwenye mstari wa wanawake wanaongoja kuvuka kwenda Goma na mabeseni yao kichwani. Wanawake wale waliimba huku wanatembea, kwa hiyo wimbo ulivuka mpaka bila kitambulisho. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wakauchukua. Watoto wakauimba wakiruka kamba. Daktari alipohitaji chumba cha kupokelea familia, nilikwenda ofisini kwa viongozi nikamkuta bwana mmoja aliyeniambia nirudi wiki ijayo. Nikamwambia nitangoja hapa hapa wiki ijayo ifike, nikafungua mfuko wa gitaa. Chumba kilipatikana kabla ya chakula cha mchana.

Na familia zilikuja. Benchi likawa mstari, mstari ukatoka nje ya mlango. Alikuja mama mmoja anayeuza sambaza karibu na mpaka, upande wa Rubavu, ana binti wa miaka saba ambaye ugonjwa wake alikuwa ameuficha hata kwa wakwe wanaoishi ua mmoja naye. Alituambia aliusikia wimbo kwenye mstari wa mpakani, akatua beseni lake, akalia, halafu akaja. Siku ile nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba. Nilijiona nimeokoa watoto. Ngoma ikilia sana hupasuka, wahenga walisema, lakini nani anayekumbuka wahenga wakati anapigiwa makofi?

Miezi mitatu ikapita. Daktari akachukua damu ya watoto wote mkononi, akaipeleka Kigali kwa kipimo kile kinachoonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa miezi yote mitatu kwa jumla. Majibu yalipokuja akatuita sisi wawili. Tulikwenda tumevaa vizuri, tukidhani anataka kutushukuru.

Mezani kulikuwa na madaftari. Akafungua moja, akatugeuzia. Asubuhi mia na kumi. Mchana mia na kumi. Alasiri mia na kumi, usiku mia na kumi, kesho yake vivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Akafungua lingine, la familia ya Nyundo ambayo haifahamiani kabisa na ile ya kwanza. Mia na kumi. La yule mama wa Rubavu lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu na rula, safi kabisa, mia na kumi mpaka mwisho.

"Damu zao zinasema watoto hawa wanaumwa vibaya," alisema daktari. "Madaftari yanasema wamepona. Mmewaimbia jibu, na wao wameliandika."

Nilipandwa na hasira kabla ya kuelewa. Nilimwambia asiwaite wale mama wajinga. Akasema hajawaita wajinga, na ni kweli hakuwaita. Ni mimi niliyelijua jambo lile vizuri kuliko yeye, kwa sababu ni letu. Huku kwetu mgeni hapewi sahani chafu. Ukijua daftari linakwenda kusomwa na mkubwa kutoka Kigali, huwezi kumwandikia mia tatu na hamsini, ni kama kumkaribisha kwenye nyumba ambayo haijafagiliwa. Tena tuliwaimbia hadharani kwamba jibu ni mia na kumi. Waliona aibu kwa niaba ya watoto wao, wakaogopa pia kwamba mwenye nambari mbaya atanyang'anywa mashine akapewe mwenye bidii. Kwa hiyo walipima, wakaona, wakaandika kilichoimbwa.

Daktari alitueleza bila kupamba. Kipimo cha Kigali kinasema tu kwamba sukari iko juu. Hakisemi ni saa ngapi. Akiongeza insulini bila kujua saa, mtoto anaweza kuanguka sukari ikashuka mno, na huko ndiko kwenye kifo cha haraka. Bila madaftari ya kweli hana utafiti, na ripoti yake kwa wakubwa ilikuwa inangojwa mwisho wa mwezi. Akiwaandikia kwamba hapa imeshindikana, mashine na karatasi zitahamishiwa wilaya nyingine.

Kisha akavuta daftari la mwisho, akasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nafumba macho. "Ni lenu tu linaloonekana la kweli. Nambari zinapanda, zinashuka, kama za mtu. Ila damu ya mdogo wako nayo imetoka mbaya, na sielewi. Nadhani mashine yenu imeharibika." Akampa mdogo wangu mashine mpya. Mdogo wangu alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akachukua daftari letu akaanza kulisoma.

Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Yeye alijichoma kidole, akasoma mashine, akaniita nambari kutoka alipokaa, nami nikaandika. Wiki ya kwanza baada ya ule umuganda aliita mia mbili sitini na nne, na mezani walikuwa wamekaa wageni wawili waliokuja kuwaona waimbaji, wanataka kuliona daftari lenyewe. Niliandika mia na kumi na tano. Ningewaonyeshaje kwamba wenye wimbo wa mia na kumi wao wenyewe hawaifikii? Nilijiambia ni mara moja tu. Kesho yake niliona aibu ya kuweka mia tatu karibu na mia na kumi na tano, nikapunguza tena. Na kwa kuwa mimi ni mwerevu, nilichanganya: mia na tano hapa, mia na thelathini pale, siku moja mia na arobaini ili isitie shaka. Wale mama walidanganya kishamba. Mimi nilidanganya kwa ufundi, na ndiyo maana daktari aliniamini mimi. Methali ya mficha maradhi niliijua tangu darasa la tatu, ningeweza hata kuiimba kwa sauti tatu, na haikunisaidia kitu.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa. Mdogo wangu alikuwa amebana daftari kwapani. Tulipopita hoteli ya mwisho akasimama, akalifungua ukurasa wa katikati.

"Ile siku mi nilikuitia mia mbili na makumi nane," alisema. "We uliandika mia na ishirini. Juu ya nini, Yaya?"

Nilimwangalia kiuno badala ya uso. Alikuwa amekonda. Mkanda wake ulikuwa umeingia matundu mawili ndani, na watu walipouliza mimi niliwaambia anarefuka. Alikuwa ameanza tena kulala na jagi la maji karibu na kitanda. Nilikuwa naliona jagi lile kila asubuhi. Pale barabarani niliomba anitukane. Hakunitukana. Alisema tu kwamba tutaubadilisha wimbo, na kwamba safari hii ataubadilisha yeye.

Alimwomba daktari akusanye familia zote kwenye ukumbi wa parokia Nyundo, Jumapili baada ya misa, kila mtu na mtoto wake na mashine yake. Nilipinga. Nilimwambia watu wa huku hawatasoma aibu yao mbele ya majirani, na wimbo usio na jibu si wimbo. Akasema jibu litakuwepo, ila kila mtu atakuja na lake. Nilimwambia nambari ndefu hazikai kwenye kasia. Akanijibu, "Utangoja." Aliongea kama baba anavyoongea na watu wake kwenye mtumbwi, na nikanyamaza, jambo ambalo mama alilisimulia kwa majirani.

Jumapili ukumbi ulijaa. Daktari alikuwa mezani mbele, na mama yetu benchi la kwanza na kitenge chake cha misa. Niliketi na gitaa nikaanza kupiga, watu wakatabasamu, wakajiandaa kujibu. Mdogo wangu aliinua mkono kuwazuia. Alikaa kwenye kiti mahali ambapo wote wanamwona, akajichoma kidole, akaweka tone kwenye karatasi, akangoja mashine. Kisha akajiuliza mwenyewe kwa wimbo, "Ni mchana sasa, iko ngapi?" na akajibu mwenyewe.

"Mia tatu na kumi na munane."

Haikukaa. Ilikuwa ndefu, ilinipita, mkono wangu ulifika kwenye kasia la pili naye bado yuko kwenye mia tatu. Ilinibidi nizuie nyuzi kwa kiganja, ningoje amalize, ndipo niendelee. Ukumbini hakuna aliyejibu. Aliimba tena mstari ule ule, nambari ile ile, safari hii akimwangalia yule mama wa Rubavu.

Mama yule alikuwa na binti yake mapajani. Akamfungua mtoto ngumi, akamchoma, akangoja. Aliposimama sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyezoea kuimba peke yake.

"Mia ine na mbili," aliimba. Kisha akasema bila kuimba, "Kila siku iko vile. Mi nilikuwa naogopa mutanikamatia ile mashini."

Daktari alisimama akasema hakuna mashine itakayochukuliwa kwa nambari yoyote, iwe mia nne au mia tisa. Alisema amekuja kutoka Kigali hasa kwa ajili ya mwenye nambari mbaya. Baada ya hapo ilikuwa kama mitumbwi inapotua, kila mtu anasema chake. Mia mbili na thelathini. Mia moja na tisini. Mvulana mmoja alipata sabini na mbili, akapewa ndizi sukari isije ikashuka zaidi, na kupigiwa makofi. Nilingoja kila nambari ifike mwisho wake, fupi kwa ndefu, na nitasema ukweli, gitaa langu halijawahi kulia vizuri kuliko siku ile. Baadhi ya wamama walikuwa wanalia na kuimba kwa pamoja. Nami ningeweza kuacha mambo yaishie pale, nimefichika vizuri ndani ya muziki wangu mwenyewe.

Lakini daktari, kwa nia njema kabisa, akawaambia watu kwamba hata kijana huyu mwimbaji alikuwa na daftari zuri, kumbe mashine ilikuwa imeharibika. Mdogo wangu akainamisha macho. Niliona kwamba hatanisemea, wala kwa kunishtaki wala kwa kunifunika. Nikaweka gitaa chini.

"Mashini ilikuwa muzima," nilisema. "Ni mi nilikuwa naandika uongo."

Sikujieleza zaidi ya hapo, na mimi ni mtu wa kujieleza. Mama aliinuka kwenye benchi akaja mbele. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Alichukua kalamu kwenye meza ya daktari, akafungua daftari letu kwenye ukurasa mpya, akanishikisha kalamu mkononi.

"Andika ya leo," alisema. "Batu bote bakiona."

Niliandika mia tatu kumi na nane, na mama akasimama juu ya bega langu mpaka nikamaliza nambari ya mwisho. Alisimama hapo hapo kesho yake, na keshokutwa, mara nne kwa siku. Hakuwahi kunisimanga. Aliangalia mashine, akaangalia kalamu, akarudi kwenye sambaza zake.

Utafiti haukuhamishwa. Wale mama walianza kuandika nambari zao mbaya kwa bidii ile ile waliyoandikia nzuri, na yule wa Rubavu bado anatumia rula. Mdogo wangu sasa sauti imevunjika, anaimba besi, mkanda wake umerudi nje matundu mawili na la tatu, na sisi bado ni wazuri kuliko wote Gisenyi. Tukialikwa mbele ya wakubwa kuomba utafiti uongezewe muda, yeye ndiye anayesema, mimi napiga na kungoja.

Zilitosha wiki mbili za nambari za kweli. Daktari alipitisha kidole kwenye daftari letu, akakuta sukari ya mdogo wangu inapanda kila alasiri, saa tisa, baada ya ugali, halafu inakaa juu mpaka usiku. Akaongeza insulini kidogo ya mchana, kidogo sana, na baada ya siku chache lile jagi likarudi jikoni. Kwa miezi mitatu saa tisa ilikuwa imefika kila siku, mdogo wangu alikuwa amejichoma kidole na kuniita nambari yake kwa sauti ambayo mji mzima uliijua, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake na kalamu mkononi, naandika nyingine.